Ukimpasua Mtu Moyo, Umemwahidi Nini?



Mwezi huu naomba tuache kidogo mambo ya mitandao na uchumba (najua wengine mtanuna), tuzungumzie moyo. Siyo moyo wa kwenye nyimbo. Moyo wenyewe, ile nyama yenye ukubwa wa ngumi inayodunda kifuani mwako hapo ulipo unaposoma. Swali langu ni hili: daktari akishampasua mtu moyo, akaurekebisha, akafunga kifua, akavua glovu zake na kunawa mikono, je, kazi imekwisha? Na kama haijaisha, iliyobaki ni ya nani?

Utasema hilo ni swali la madaktari, sisi wa parokiani linatuhusu nini. Subiri kidogo.

Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town, Dk. Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa binadamu kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake, magazeti ya dunia nzima yakaandika. Siku 18 baadaye Washkansky akafariki kwa nimonia. Dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo mpya zilishusha ulinzi wa mwili wake, na mapafu yakashambuliwa. Ule moyo mpya ulidunda vizuri hadi mwisho. Haya, sema wewe: upasuaji ule ulifanikiwa au haukufanikiwa?

Ukijibu haraka utajikwaa. Kama shabaha ilikuwa kuushona moyo ukadunda, basi ulifanikiwa. Kama shabaha ilikuwa Washkansky mwenyewe aishi, basi hapana. Aristotle, katika ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu chake cha maadili, anasema kila ufundi una lengo lake: wa kuunda meli lengo lake ni meli, na wa tiba lengo lake ni afya. Siyo kushona wala kupasua, ni afya. Sindano na kisu ni njia tu. Mwaka wa kwanza wa falsafa tulilisoma hilo tukaliona jepesi, tukapita. Kumbe limebeba mzigo.

Maana kwa muda mrefu hospitali nyingi duniani zimehesabu mafanikio ya upasuaji kwa siku 30. Mgonjwa akivuka mwezi mmoja akiwa hai, anaandikwa kwenye safu ya waliofanikiwa. Ni kipimo kizuri na kina sababu zake, kwa sababu kinaonyesha kama chumba cha upasuaji na wodi vinafanya kazi yao. Ila siku ya 31 mgonjwa wetu anafanya nini? Yupo kwenye basi anarudi Masasi.

Tuje nyumbani basi. Ugonjwa wa moyo unaowapeleka vijana wengi wa Afrika kwenye kisu hauanzii moyoni. Unaanzia kooni. Mtoto anaumwa koo, lile ambalo nyumbani tunaliita tonsesi, anapewa maji ya chumvi, linapoa. Baada ya wiki mbili tatu viungo vinauma na kuvimba, goti leo, kiwiko kesho, bibi anasema ni baridi au anakua. Kinachotokea ni kwamba mwili, ukipigana na vijidudu vya koo, umegeuka kupigana na wenyewe, na vali za moyo ndizo zinazoumia. Vali ni kama milango ya moyo, inafunguka damu ipite, inafunga isirudi. Ikishapata makovu, mlango haufungi sawasawa au haufunguki vizuri. Huo ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Mtoto anaugua koo akiwa na miaka 8, anaanza kukosa pumzi akiwa na miaka 20, wakati mwingine akiwa na mimba ya kwanza.

Upo utafiti mmoja mkubwa unaoitwa REMEDY uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa namna hii katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28. Ndani ya miaka miwili karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Kijana mwenzangu, hii siyo habari ya wazee. Ni umri wetu, ni umri wa VIWAWA.

Zamani Mtanzania aliyehitaji vali mpya alisubiri safari ya India. Siku hizi ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 2015, na Bugando kule Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu wetu, nayo imefanya upasuaji wa moyo. Hii ni neema, tuseme ukweli. Kufungua kifua cha mtu, kuusimamisha moyo, mashine ikafanya kazi ya moyo na mapafu kwa saa kadhaa, kisha moyo ukaamshwa ukadunda tena, jambo hilo babu zetu wangelisikia wangesema ni ufufuko. Linafanyika Dar es Salaam, siyo Ulaya.

Sasa yule binti amerudi. Tunamfahamu, hata kama hatumjui jina. Ameshuka Masasi baada ya kilomita zaidi ya 500, amepanda gari nyingine, barabara inapanda tambarare mpaka Newala. Kifuani ana mshono mrefu. Mfupa wa kati wa kifua uliokatwa unahitaji majuma mengi kuunga, kama mguu uliovunjika, na ameambiwa asinyanyue kitu kizito. Ninyi wa Newala mnajua maana ya sentensi hiyo kwenye tambarare yenye shida ya maji tangu enzi za mababu. Ndoo ya lita 20 haijui kama umepasuliwa.

Halafu vidonge. Kama amewekewa vali ya kutengenezwa kiwandani, ile watu wanayoiita ya chuma, atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Jina lake ni wofarini. Ina historia ya kuchekesha na kutisha. Iligunduliwa kutokana na ng'ombe wa Marekani Kaskazini waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza. Mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Kwa hiyo ndiyo, ukisikia mtu kijijini anasema "binti anakunywa sumu ya panya", hajakosea sana. Tofauti ni kiasi. Ikiwa kidogo mno, damu inaganda kwenye vali, kipande kinapanda kichwani na kuleta kiharusi, au vali yenyewe inakwama. Ikizidi, anavuja damu ndani kwa ndani. Kati ya hapo kuna njia nyembamba, na kujua kama upo njiani unahitaji kipimo cha damu kinachoitwa INR, tena mara kwa mara, kipimo ambacho hukikuti kwenye kila zahanati.

Na tazama jinsi maisha ya kusini yanavyogombana na dawa hii. Mboga za majani zina vitamini K, inayopingana na wofarini. Wataalamu hawamkatazi mtu mboga, wanamwambia ale kiasi kisichopandashuka. Sawa, lakini sisi huwa hatuli kiasi kisichopandashuka! Masika ni mchicha, majani ya maboga na kisamvu kila siku, kiangazi ni kunde, mbaazi na dagaa. Kwa hiyo dawa ile ile, kiasi kile kile, mvua zikinyesha inakuwa dhaifu na jua likiwaka inakuwa kali. Pesa nazo ni hivyo hivyo. Mkulima wa korosho anapata fedha kwa msimu, mnada ukishafanyika, Oktoba mpaka mwisho wa mwaka hivi. Kidonge kinadai kila siku, nauli ya kliniki inadai kila mwezi. Mwezi wa sita kuna nini mfukoni? Ule utafiti wa REMEDY uligundua kwamba kati ya wagonjwa waliohitaji kipimo hicho kiwe kwenye kiwango sahihi, hata theluthi moja hawakufikia. Mimi nikisoma namba hiyo sioni wagonjwa wakaidi, naona nauli.

Kuna kijana atauliza: kwa nini wasigundue dawa mpya isiyohitaji vipimo? Wamejaribu. Dawa moja mpya ilijaribiwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwa watu wenye vali za kutengenezwa, na mwaka 2013 matokeo yalitoka: jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa dawa mpya walipata mgando zaidi na kuvuja damu zaidi. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine, INVICTUS, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, safari hii kwa wagonjwa wa rumatiki wasiokuwa na vali za kutengenezwa lakini mapigo yao ya moyo yamevurugika. Wengi walitegemea dawa mpya ishinde au angalau itoke sare. Ile dawa kongwe ndiyo iliyoshinda, waliokunywa wofarini walifariki wachache zaidi. Baadhi ya wataalamu wamedokeza kwamba labda sehemu ya sababu ni kule kuonana na mhudumu kila mwezi kwa ajili ya kipimo. Halijathibitishwa, silitangazi kama Injili. Ila kama mtu wa falsafa linanifikirisha, kwamba yale tunayoyaona kuwa usumbufu wa tiba, yaani kwenda, kuonwa, kuulizwa hali, pengine nayo ni tiba.

Nisimame hapa niseme neno juu ya utafiti wenyewe, maana nimesikia watu, hata waumini wazuri, wakisema watafiti wanawageuza maskini kuwa panya wa maabara. Hofu hiyo haijatoka hewani na siyo ya kudharau. Kanisa nalo halijanyamaza: Katekisimu, namba 2292 hadi 2295, inakubali utafiti kwa ajili ya uponyaji, lakini inakataa kumfanyia mtu jaribio linalovunja hadhi yake, hata kama mwenyewe ameridhia. Kant naye kwa njia yake alifika jirani na hapo, kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Sasa angalia jirani zetu Uganda. Watafiti walipima watoto zaidi ya 100,000, wakapata 818 wenye dalili za mwanzo kabisa za rumatiki moyoni, bado hawajaumwa. Nusu wakapewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakupewa, wote wakafuatiliwa. Ukatili? Ungekuwa ukatili kama jibu lingekuwa linajulikana. Wakati ule hakuna aliyejua kama sindano inamsaidia mtoto wa hatua ile au inamtesa bure. Matokeo yakatoka: waliochomwa sindano, ambao ugonjwa wao uliendelea hawakufika hata 1 kati ya 100, wasiochomwa walikuwa 8 kati ya 100. Sindano ile ni dawa ya zamani mno. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali kwa uaminifu na kurudi kusikiliza jibu. Kwangu mimi kutouliza ndiyo dharau kubwa zaidi kwa maskini, kuendelea kumtibu kwa kukisia miaka 50 na kuita kukisia huko huruma.

Sasa tufike kwenye mwiba.

Nafasi za upasuaji wa moyo ni chache kuliko wanaohitaji. Chukulia wagonjwa wawili, mfano wa darasani tu, vali zao zimeharibika sawasawa, umri sawa. Mmoja anaishi Ilala, daladala moja na yupo kliniki. Wa pili ni binti wa miaka 19 kutoka kijiji cha upande wa Kitangari. Wiki hii nafasi ni moja. Yote tuliyoyasema juu ya INR, nauli na ndoo ya maji yanaelekeza upande mmoja: wa Ilala ana nafasi nzuri zaidi ya kuwa hai miaka kumi ijayo. Umpe nani?

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, kichwa kweli kweli, alinijibu bila kusita: "Mpe wa Ilala, bro. Kupoteza vali nayo ni dhambi." Na hakuwa anatania. Hoja yake ni hii: ukimwekea yule binti vali ya chuma halafu hana pa kupima, akafa kwa mgando ndani ya mwaka, umemuua kwa upole, na yule wa Ilala naye umemwacha afe. Umepoteza wawili ili dhamiri yako ijisikie safi. Sikuwa na jibu la haraka. Bado naona hoja hiyo ina nguvu, na anayeipuuza kwa kusema "sisi Wakristo hatuhesabu" hajawahi kukaa na familia inayosubiri rufaa.

Ila kuna kitu imekiunganisha ambacho mimi naona lazima kitenganishwe. Mgonjwa anaweza kuwa na nafasi ndogo ya kupona kwa sababu mbili tofauti kabisa. Ya kwanza imo mwilini mwake: misuli ya moyo imechoka mno, hata vali mpya haitausaidia. Hilo ni suala la tiba, na daktari anayesema "upasuaji hautakufaa" anamheshimu mgonjwa. Sababu ya pili haimo mwilini mwake hata kidogo. Ipo barabarani, ipo kwenye bei, ipo kwenye zahanati isiyo na kipimo, ipo kwetu. Kusema "huyu hawezi kupona" na kusema "huyu hatujamfikia" zinatoa namba ile ile kwenye karatasi, lakini kimaadili hazikaribiani. Ni kama shule yenye upungufu wa madawati ikaamua kuwapa madawati wanaofaulu, na wanaofeli wanafeli kwa sababu wanaandikia magotini. Namba haijadanganya. Anayeadhibiwa ndiye aliyeonewa, tena kwa mara ya pili.

Mwenzangu akanirudia: "Sawa, lakini daktari Jumanne asubuhi hawezi kujenga barabara." Kweli. Ndiyo maana nadhani umbali wa mgonjwa unatakiwa ubadilishe aina ya tiba, usibadilishe nafasi yake kwenye foleni. Daktari akijua binti anatoka Kitangari, swali lake lisiwe "nimpe mwingine?" bali "huyu nimpe nini?" Pengine vali yake mwenyewe inaweza kushonwa ikarekebishwa bila kubadilishwa. Pengine inafaa vali ya mnyama, ya nguruwe au iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, ambayo kwa kawaida haimfungi kwenye wofarini maisha yote. Vali hiyo nayo ina bei yake: kwa kijana inachakaa mapema, na baada ya miaka kadhaa kisu kinarudi. (Na kwetu kusini, ambako nusu ya marafiki zetu ni Waislamu, familia ina haki ya kuambiwa mapema vali ni ya mnyama gani.) Kuna jambo zito zaidi, na sitaki lipite kimyakimya: wofarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha ovyo kunaweza kumuua mama. Binti wa miaka 19 anayetamani kuolewa na kuzaa lazima alijue hilo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, siyo baada. Uchaguzi wa vali kwake ni uchaguzi wa maisha ya aina gani.

Hapo inakuja shida ya nani anachagua. Kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, ukoo ni wa mama, na mjomba ana neno. Hospitali inatafuta sahihi ya baba, nyumbani wanamsubiri mjomba, na binti mwenyewe amekaa kwenye benchi akitazama sakafu. Mimi siwezi kumdharau mjomba, mara nyingi ndiye atakayeuza korosho kulipia nauli. Lakini kifua ni cha binti. Heshima yote iliyopo kwenye "shikamoo mjomba" haihamishi moyo kutoka kifua kimoja kwenda kingine. Muuguzi mwenye busara anawaketisha wote watatu, anaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, halafu anamuuliza binti peke yake.

Na akikataa? Wapo wanaodhani Mkatoliki akikataa upasuaji amejiua. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari wa nusukaputi tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, na kwamba ukawaida huo hupimwa kwa hali ya mtu, mahali na wakati. Mahali! Hicho kinachokuwa cha kawaida Ilala kinaweza kuwa mzigo usiobebeka Newala. Binti akisema "hapana, sitaweza", hajatenda dhambi. Lakini sisi tulioacha Newala iwe mahali ambapo cha kawaida kinageuka kisicho cha kawaida, hatuwezi kujificha nyuma ya uhuru wake. Mtakatifu Yohane Paulo II katika waraka wake wa 1987 juu ya maendeleo alizungumzia miundo ya dhambi. Inaweza kutokea siku daktari akasema "bado, siwezi kukufanyia", akawa sahihi kabisa, hana kosa, na bado udhalimu umetendeka. Mwizi haonekani lakini mali imeibiwa.

Rudi sasa kwenye Luka 10, Msamaria Mwema. Tumezoea kuishia pale barabarani, mafuta, divai na vitambaa. Hebu soma aya ya 34 na ya 35 polepole. Msamaria anampeleka majeruhi nyumba ya wageni. Usiku ule anamhudumia. Kesho yake anaondoka! Ana safari yake. Hakai pale miezi sita. Anamkabidhi mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na ahadi ya kulipia kitakachozidi atakaporudi. Daktari wa JKCI ndiye Msamaria, amekufa na kazi, ana wengine njiani. Mwenye nyumba ya wageni ni nani? Huyu ambaye hatumhubiri kamwe, hana hata sifa ya "mwema" mbele ya jina lake. Yeye ndiye aliyebaki na mgonjwa. Yeye ndiye aliyejua usiku kama homa imepanda. Bila yeye, hadithi ile ingekuwa ya Washkansky.

Nina mfano wa kwetu Tanzania, wa upasuaji wa kawaida, siyo wa moyo. Miaka ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya kusomwa kwa sauti kabla na baada ya upasuaji, katika hospitali nane duniani. London ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara ilikuwemo, hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mambo yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mgonjwa huyu ni nani? Antibayotiki amepewa? Kila mmoja ataje jina lake na kazi yake. Vitambaa vihesabiwe kabla ya kufunga. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya hilo. Watu walitajana majina na wakahesabu vitambaa.

Kwa hiyo naomba tuwe wenye nyumba ya wageni. Sisemi tuwe madaktari, tafadhali kijana usimpe mtu ushauri wa wofarini kwa sababu umesoma hapa. Naongelea vitu vya jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya inajua nani anakaa nyumba ipi. Inaweza kujua kwamba fulani amerudi kutoka Muhimbili, na kwa miezi mitatu zamu ya kumchotea maji ikapangwa kama tunavyopanga zamu ya kufagia kanisa. Inaweza kuweka akiba kidogo wakati wa mnada wa korosho, fedha zipo, ili mwezi wa sita ipatikane nauli ya kliniki, iwe Ndanda kwa Wabenediktini, iwe Mtwara, iwe Dar. Vijana wenye simu wanaweza kumkumbusha mtu tarehe. Sindano ya penisilini inaendelea hata baada ya upasuaji, kila wiki tatu au nne, na inauma kweli, mtoto anaikimbia. Kijana wa kumsindikiza na kumtania njiani ana thamani kubwa. Katekista anaweza kusema Jumapili moja kwamba mtoto akiumwa koo na homa apelekwe zahanati, asisubiri. Bima ya Afya kwa Wote imeshakuwa sheria tangu 2023, na kuna bibi wengi wanaohitaji mtu wa kuwaeleza maana yake bila haraka.

Mwenzangu yule wa hoja ya Ilala, nilipomweleza haya, alisema nimehama kwenye swali. Alitaka jibu la nani apewe nafasi Jumanne, mimi nikajibu nani achote maji Jumatano. Nadhani ana haki ya kulalamika. Lakini mimi nashikilia kwamba jibu la Jumanne linabadilika kutegemea Jumatano. Daktari akijua kwamba kule Kitangari kuna watu 12 wenye majina na namba za simu wanaomsubiri yule binti, ana kitu kingine cha kuandika kwenye faili, na tofauti kati yake na wa Ilala imepungua kabla ya mtu yeyote kugusa kisu.

Mkipenda kulijadili kwenye jumuiya, anzeni na swali hili: nani katika kanda yenu alipasuliwa miaka miwili iliyopita, na mara ya mwisho kupima ilikuwa lini? Andikeni majina, msikadirie. Msipopata hata moja, nendeni mkaulize zahanati wangapi wanachomwa sindano ya mwezi, na wangapi wameacha kuja.

Tuombeane.